Gesi ya Vikombe Viwili

Haya alinisimulia mjukuu wangu, yule mshonaji, Jumatatu iliyopita, siku ya pili tangu warudi safari yeye na baba yake. Nilikuwa nachambua maharage. Akakaa akanisaidia, kokoto anaziacha, maharage anayatupa. Nikamwambia, "Mke mwenzangu, leo utatuvunja meno." Hakucheka. Nikajua kuna neno.

Baba yake ndiye mwanangu, fundi saa. Kila mwaka yeye, mkewe na binti yao walikwenda kwa gari siku tatu mpaka ziwani, huko juu kwenye baridi. Walilala kwenye hema na kupikia jiko dogo la gesi, lile linaloketi juu ya mtungi kama kopo la maziwa. Mwenye gesi alikuwa mkwe wangu. Hakuna aliyewasha bila ruhusa yake. Wakimaliza kupika, aliumwagia mtungi maji ya moto ubavuni, akapapasa: penye joto hamna kitu, penye baridi ndipo gesi ilipo. Hapo alichora mstari kwa rangi ya kucha.

Safari ya mwisho aliugua njiani, wakageuza gari. Mtungi ulikuwa na mistari mitatu. Kitandani, karibu na kututoka, alimwambia mumewe, "Iliyobaki inatosha chai ya vikombe viwili. Msiipikie kitu kingine. Mkainywe kule ziwani, mniambie kama bado ni kuzuri."

Mwaka ukapita, wakaondoka. Binti aliendesha. Baba aliupakata mtungi ule, ameuviringisha kwenye sweta ya marehemu, utadhani katoka nao wodi ya wazazi. Wa kupikia ulikuwa mwingine, mpya, nao waliutumia ovyo. Hakuna aliyekinga upepo wala kufunika sufuria. Mwenye kazi hiyo hayupo. Siku ya pili asubuhi gesi ikakata, wali bado mchele.

"Baba, tuchukue kidogo kwa mama."

"Thubutu! Amana hailiwi."

"Hata uji?"

"Tafuna mkate. Meno unayo."

Basi siku ile nzima na kesho yake wakala mkate mkavu kwa maji baridi, mvua inanyesha, baba anakohoa. Binti alivumilia kwa ajili ya ile chai.

Siku hiyo ya tatu, saa sita mchana, wakafika, mvua imekatika. Binti akakinga jiko kwa mlango wa gari kama mama yake, akapima vikombe viwili vya maji, akawasha. Moto ukatoka mdogo kama ukucha, ukatetemeka, ukazimika. Akawasha tena. Kimya. Akautikisa mtungi: mwepesi kama ganda la yai. Mistari mitatu ipo palepale.

"Umevuja, baba!"

Mzee alikuwa anatazama viatu vyake. "Haukuvuja. Jioni nikifunga kazi nauweka dirishani, nafungua kidogo. Ule mlio, shsss. Mama yako akifungua gesi, nilikuwa najua chai inakuja. Nasikia, nafunga. Sekunde tano hazifiki, mwanangu."

"Kila siku?"

"Kila siku."

Mtu aliyehesabu sekunde tangu ujana wake, na hizo hakuzijumlisha.

"Na ulipoupakata hukuona ni mwepesi?"

"Niliona. Nikasema labda mikono imezoea."

Binti anasema hasira ilimpanda kwa mikate yote ile mikavu. Halafu akaiona hiyo mikono, inaikunja upya ile sweta. Akatia majani kwenye maji yaleyale ya baridi, yakaelea. Wakanywa hivyohivyo, wakitema majani.

"Mama yako angenichapa."

"Angetuchapa wote. Ule mpya nao tuliumaliza kwa siku moja."

Mzee akacheka, kicheko kikageuka kikohozi, kikohozi kikageuka kilio. Binti akasimamisha hema, akamwingiza, akamfunika ile sweta.

"Fungua tena," mzee akasema, "nisikie."

Akafungua mtungi. Hakuna kitu. Basi mjukuu wangu akainama sikioni kwa baba yake, akafanya kwa mdomo wake mwenyewe, polepole, "Shsss... shsss...", kama anavyobembelezwa mtoto, mpaka mzee akasinzia. Akatoka akasuuza vikombe viwili, akarudi, akajilaza kando yake. Jua lilikuwa bado juu usingizi ulipompitia naye.