Kompyuta ya Sadaka

Siku moja kabla ya arobaini ya Anghel Sburlea, mkewe Steliana alikuwa bado anapiga pasi. Mashati kumi na moja, suruali nne, na lile koti zito la baridi ambalo marehemu mwenyewe hakulipenda hata kidogo. Pale Brăila, mji wa bandari huko Romania, arobaini haiishii kwenye ngano ya kuchemsha na sala ya padri. Vitu vya marehemu hugawiwa, na kinachogawiwa sharti kiwe safi, kwa sababu watu wanaamini ndicho atakachotumia huko aliko. Kwa hiyo Steliana alipindua kila mfuko nje, akaukung'uta, akapiga pasi, akakunja.

"Na ile mashine ya stoo," alimwambia bintiye bila kuinua kichwa, "nampa Lenuța wa ghorofa ya pili, mtoto wake asomee. Vumbi nitafuta mimi. Ya ndani mimi siyajui, hayo safisha wewe."

Ruxandra akasema sawa. Alikuwa na miaka thelathini na sita, mtoto wa pekee, amekuja kwa treni kutoka Bucharest na begi dogo, na tangu aingie alikuwa anasema sawa kwa kila kitu. Kitu kimoja tu kilikuwa kinamtafuna, nacho hakuna wa kumuuliza: baba alikufa akiwa na kinyongo naye, au alikwisha kumsamehe?

Mashine yenyewe, kompyuta ya Anghel, ilikaa kwenye rafu ya stoo, katikati ya mitungi ya achari ya matango, na kwa miaka zaidi ya ishirini haikuwahi kuzimwa ila umeme ulipokatika. Anghel alikuwa fundi umeme. Enzi zile kampuni kubwa za intaneti hazijafika mtaani, yeye na jirani yake Pandele, aliyekuwa dereva wa kreni bandarini, walipanda juu ya mapaa wakavuta nyaya za kompyuta kutoka bloku moja ya ghorofa hadi nyingine, dirisha hadi dirisha, bila kibali cha mtu wala karatasi ya ofisi yoyote. Nyumba sitini zikaunganishwa. Watu wakawa wanacheza gemu wao kwa wao, wanapeana filamu, wanatukanana usiku na mchana, na mvua ikikata waya wanamgongea Anghel mlango na sahani ya keki mkononi. Hakuna aliyewaruhusu na hakuna aliyewamiliki. Halafu kampuni zikaja na waya wao mmoja mwembamba na bei nzuri, na majirani wakachomoa mmoja mmoja. Wengine hata hawakumwambia.

Yeye hakuchomoa. Aliendelea kuweka kila kitu chake stoo, picha, barua, hesabu za maji, na hakufungua akaunti mahali popote. Ukimwambia habari ya kuhifadhi vitu kwenye kampuni za nje, alikuwa anawaka. Siku wakikuchoka, alisema, wanafunga mlango, na picha za harusi yako zimo humo humo ndani. Na gemu za siku hizi ndizo zilimtia uchungu kabisa. Zamani mtu ulinunua gemu ukaenda nayo kwako, ukaicheza mpaka mjukuu naye akaicheza. Siku hizi unalipa, na bado ni yao, wakifunga duka inakufia mkononi. Watu walimcheka, lakini jamani, alikuwa anasema uongo wapi?

Ruxandra aliandika programu yake ya kwanza hapo hapo stoo, miguu haijafika chini kwenye kiti. Alipokua akaajiriwa na kampuni ya Bucharest inayotengeneza gemu za simu, na Pasaka moja, miaka mitatu nyuma, akamletea baba gemu aliyoiongoza yeye mwenyewe. Alijivuna nayo, mwache ajivune. Anghel akakaa kwenye kochi akacheza robo saa. Akafika kwenye sanduku la hazina ambalo halifunguki mpaka zipite saa nane, isipokuwa ulipie. Akauliza nani aliyefikiria hizo saa nane.

"Mimi," Ruxandra akasema.

"Yaani nilikufundisha ili uje uwachomoe watoto mifukoni?"

Hapo angenyamaza. Angecheka, angeenda jikoni kumsaidia mama kukata mwanakondoo. Lakini hasira zilikuwa za baba na yeye alizirithi zote. Akamjibu kwamba yeye ana wachezaji milioni mbili, na wewe je, baba, nani amebaki kwako? Umebaki na achari.

Kwa mtu aliyeachwa na nyumba sitini, moja baada ya nyingine, hakuna neno baya kuliko hilo, na Ruxandra alijua hivyo hata kabla halijamtoka mdomoni. Anghel alimrudishia simu yake kwa adabu, akaenda zake stoo. Tangu siku hiyo walizungumza pale tu Steliana alipomshikisha mmoja wao simu kwa nguvu, na walizungumzia hali ya hewa. Kwa treni ni mwendo wa saa nne tu. Kila Krismasi Ruxandra alisema atakwenda, na kila Krismasi kukazuka toleo jipya la kusukuma sokoni. Mwezi wa tisa baba akaanguka kwenye ngazi akiwa amebeba kreti la zabibu, moyo ukasimama, haukurudi tena.

Basi, mchana ule wa kuamkia arobaini, akakaa stoo kusafisha sadaka. Kioo cha mashine kikawaka bila kuuliza hata neno la siri, maana Anghel hakuona mtu wa kumfungia ndani ya nyumba yake mwenyewe. Ruxandra akatoa picha zote na karatasi za mama, akazihamisha. Akapitia filamu, gemu za kale, muziki. Chini kabisa kulikuwa na folda moja imeandikwa "Paa".

 Akaelewa, au alidhani ameelewa: michoro ya nyaya, orodha ya wale watu sitini, nani alilipa, nani alichomoa lini. Akayaona majina yao yamejipanga humo na neno lake la achari limekaa juu yake. Aliona haya. Labda na barua zimo, alifikiri, labda ameniandika na mimi. Aliogopa, na hiyo ndiyo kweli yote, mwanamke mzima aliogopa folda. Akaipita bila kuifungua.

Kisha akafuta. Na hakufuta kwa kubofya tu kama watu wengine. Alifuta kwa utaratibu wa ofisini kwao, ule wanaoutumia kompyuta inapotoka mikononi mwa kampuni: kila sehemu ya diski inaandikwa upya takataka mara tatu, asije mtu akafufua kitu. Pembeni ya mtungi kulikuwa na diski ndogo ya akiba, nayo akaifuta vivyo hivyo ili mtoto wa Lenuța apate mahali pa kuweka kazi zake. Ilimchukua mchana kutwa. Alipomaliza alijisikia vizuri kidogo kwa mara ya kwanza tangu msiba, akamwambia mama kwamba sadaka ni safi, haina hata chembe.

Kesho yake baada ya kanisa wakarudi nyumbani, meza ikajaa. Steliana alifunga taulo jipya juu ya mashine, akachomeka mshumaa, akamkabidhi Lenuța, na Lenuța akapokea kwa mikono miwili akasema lile neno linalosemwa, "Mungu amsamehe." Mtoto wake akashuka nayo ngazi akiikumbatia. Ikawa imekwenda. Sadaka ikishapokelewa ni ya marehemu, na kuiomba tena ni kumnyang'anya aliye kaburini.

Pandele alikuwa amekaa upande wa dirisha na koti lake la bandarini. Alisubiri watu wapungue, akajimiminia pombe ya plamu, akamsogelea Ruxandra.

"Haya, binti. Umeionaje?"

"Nini, Mzee Pandele?"

"Gemu yako. Ile aliyokutengenezea."

Ruxandra alidhani ni pombe. Akamwambia taratibu kwamba baba hakuwahi kutengeneza gemu, alikuwa fundi umeme. Pandele akacheka. Akasema hakuwahi, mpaka ile Pasaka. Alinunua vitabu, akajifunza akiwa na miaka sitini na minne, akawa anamlaani huyo aliyeviandika kila asubuhi. Miaka miwili na zaidi, kila siku baada ya chakula cha mchana, na yeye Pandele anaitwa kujaribu maana hakukuwa na mwingine. Wanacheza, inakwama, Anghel anatukana, anarekebisha. Kiangazi hiki akaimaliza.

"Iko pale kwenye mashine," Pandele akasema. "Kwenye Paa."

Ruxandra aliweka sahani chini. Akauliza kama kuna nakala nyingine.

"Ipo kwenye kidiski kile kidogo, pembeni ya mtungi."

"Hakumpa mtu? Hakutuma popote?"

"Nilimwambia mimi mwenyewe, Anghel, mtumie mtoto kwenye simu, wanafanya hivyo watu. Akasema hawezi kuipitisha mikononi mwa wale watu. Akasema aje aichukue mwenyewe."

Alitoka nje hadi kwenye ngazi akampigia mwenzake wa ofisini, yule anayefufua vitu vilivyopotea na ambaye hajawahi kushindwa. Alimweleza haraka haraka. Yule akauliza swali moja tu, umeandika juu yake mara ngapi? Ruxandra akasema tatu, diski zote mbili. Yule jamaa akasema pole, polepole sana, akaongeza kwamba ungefuta kijinga kama watu wote, ningejaribu. Kutoka ghorofa ya pili alisikia mtoto wa Lenuța anafurahia mashine yake imewaka. Hakugonga mlango. Hakukuwa na kitu cha kukifuata mle.

Alilia hapo hapo kwenye ngazi, ameshika chuma cha ukingo, ghorofa ile ile alipoangukia baba. Alijililia yeye na akamlilia baba, na kati ya machozi alimkasirikia pia, mzee mkaidi asiyemwamini mtu, angemtumia tu! Angekubali mara moja tu kupita kwenye mlango wa watu wengine. Na yeye je, angepanda treni. Hayo mawili yalizunguka kichwani mpaka Pandele alipomfuata, wakashuka wote wakakaa kwenye benchi la mbele ya bloku.

"Niambie yote," akasema. "Kila ulichokiona."

Mzee alijitahidi, Mungu ambariki, ingawa gemu hazikuwa fani yake. Akasema unaanza juu ya paa la bloku hii hii na upepo mkali unavuma. Yupo msichana mdogo mwenye kofia nyekundu, ameshika ncha ya waya, na kazi yako ni kumfikisha ng'ambo asianguke. Ruxandra alikuwa ameisahau ile kofia. Alikuwa ameisahau hata siku yenyewe, alipokuwa na miaka minane, baba amemfunga kamba kiunoni na kumwambia usiachie, bibie, mtaa mzima unakutegemea wewe. Pandele akaendelea. Kila nyumba unayoiunganisha, dirisha linawaka na jirani anachungulia, anasema neno lake la kipuuzi. Wote wamo, na waliochomoa pia wamo. Yeye mwenyewe yumo, amechorwa na pua kubwa kwa makusudi. Hakuna sanduku la kulipia, hakuna akaunti, hakuna kusubiri. Ukitaka kuacha unaacha, ukirudi unaikuta pale pale.

"Na mwisho?" Ruxandra akauliza. "Inaishaje?"

"Ukishamuunganisha wa mwisho, bloku zote zinawaka. Yule msichana anakaa chini kupumzika. Halafu yanatokea maandishi, kama mistari mitatu hivi.  Baba yako aliyabadilisha mara nyingi sana yale, kuliko kitu chochote kingine."

"Yalisema nini?"

Pandele akasugua magoti yake.

"Sikuwa na miwani, binti. Kila mara nilikuwa ninaiacha nyumbani, na niliona haya kumwomba anisomee. Akaniuliza, unaonaje, Pandele, ataridhika nayo? Nikamwambia ataridhika sana."