Dalili ya Saba

Kezia alikuwa na sentensi moja aliyoichukia kuliko matusi yote aliyowahi kutukanwa, na aliyeitamka alikuwa amesimama kando ya kaburi la kaka yake.

Ilikuwa kijijini Kitahana, Kigoma, mwaka ule mvua ilipokataa kukatika. Kaka yake, Elie, alikuwa amepanga chumba cha uani, chumba safi, kimepigwa lipu na kupakwa chokaa nyeupe. Alfajiri moja ukuta ukamlalia. Mazishini akaja Reverien, fundi aliyekijenga chumba kile. Akavua kofia, akatikisa kichwa kama mwenye uchungu, akasema, "Yale matofali nilijua ni ya pembeni. Lakini mimi hakuna aliyeniuliza."

Watu wakasema ni mipango ya Mungu. Kezia, msichana wa miaka kumi na saba, aliichukua ile sentensi akaiweka, na hajaitua hadi leo.

Maana kila mtu wa nyanda zile anajua matofali ya pembeni ni nini. Ukichoma tanuru, yaliyo katikati yanaiva, yanakuwa mekundu, ukiyagonganisha yanalia. Yaliyo ganda la nje yanapata moshi tu. Hayo ni udongo uliovaa sura ya tofali. Ungetegemea yatupwe. Nani atupe! Yanauzwa kwa bei ya kutupa kwa mtu anayejenga nyumba ambayo hatalala yeye. Mbele anapanga mekundu, nyuma anajaza ya pembeni, halafu saruji inapita juu na kufunika dhambi zote. Na wenye mihuri wanakuja kukagua nyumba ikiwa imeshapakwa rangi, wanakunywa soda, wanaondoka.

Kezia alianza kwa kubeba zege, akapanda akawa fundi, na kila aliposhika mwiko alikuwa anamjibu Reverien. Alipofika miaka arobaini aliacha kujenga, akaanza kazi ambayo pale Kasulu, mji aliohamia, haikuwa na jina: kwenda na mtu anayetaka kununua nyumba au kupanga, kuzigonga kuta zake, kupanda darini, kuchungulia msingi, na kumwambia ukweli. Alijiita mkaguzi wa nyumba. Madalali walimwita mchawi.

Tatizo likawa wateja. Watu walilipa dalali bila kulalamika, lakini kumlipa mwanamke aje agonge ukuta kwa kijiko, hapo waliona wanaibiwa.

"Dada, wewe unajua mambo mengi halafu unayakalia," Shamsi alimwambia. Shamsi alikuwa na steshenari karibu na stendi ya Kasulu, anapiga chapa barua, anatengeneza kadi za harusi, na mambo ya intaneti alikuwa anayahubiri kama imamu. "Fungua blogu. Usijisifie, hakuna anayesoma sifa. Wafundishe. Mtu akikusoma mara tatu anaona anakufahamu, na siku akitaka nyumba hatamtafuta mtu mwingine."

"Nikiwafundisha wataniita kufanya nini?"

Shamsi akacheka. "Ndiyo maana huwapi yote. Unawapa dalili sita, ya saba unabaki nayo. Unaandika chini: hii ya saba nitakuonyesha nikija mwenyewe. Na namba ya simu. Watakesha wakiiwaza."

Ikawa hivyo. Blogu ikaitwa Gonga Ukuta. Kezia, ambaye shule alimaliza darasa la saba na mengine yote akajifunza kwa hasira, akaandika *Dalili za nyumba itakayokuangukia*. Ya kwanza, ufa unaopanda kama ngazi. Ya pili, mlango unaogoma kufunga mvua ikinyesha. Akaendelea hivyo hadi ya sita, ukuta unaotoa sauti ya debe tupu ukiugonga. Na chini yake, kwa herufi nene, ahadi ya kuionyesha ya saba akija mwenyewe, na namba yake.

Simu ikaanza kulia. Walipiga kutoka Kabanga, wakapiga kutoka Kakonko, wakapiga waliohamia Dar ambao ndugu zao wanawasimamia ujenzi huku na kuwatumia picha za upande wa mbele tu. Makala ilisambazwa wasapu hadi ikamrudia Kezia mwenyewe kutoka kwa mtu asiyemjua, na maneno, "Dada soma hii itakusaidia." Kwa mara ya kwanza madalali wakaanza kumsalimia.

Basi siku moja ya Novemba akapigiwa na mwanamke aitwaye Asmahani, muuza vitenge wa Kibondo. Sauti yake ilikuwa na sherehe ndani.

"Dada Kezia! Mimi ni msomaji wako. Nimenunua nyumba kwa ajili ya mama yangu. Uje uione, tule, tupige picha, uiweke kwenye blogu yako watu waone tunda la kazi yako."

Kezia akapanda basi la asubuhi. Njia nzima alikuwa anatunga kichwa cha habari. Shamsi alikuwa amemwambia ushuhuda wa mteja mmoja unashinda makala kumi.

Nyumba ilikuwa nje kidogo ya mji, mabati ya bluu, ukuta wa mbele rangi ya maziwa. Asmahani alimpokea getini kwa kumkumbatia. Mama yake, Bi Adija, alikuwa ameketi kibarazani ananyoosha miguu.

"Mwakeye, mama," Kezia akamwamkia kwa Kiha.

"Mwakeye, mwanangu. Ndiye wewe unayepiga kuta za watu? Hapa umechelewa, binti yangu ameshazipiga zote. Majirani walidhani amerukwa na akili."

Asmahani akaangua kicheko. "Nimezipiga kweli! Nilishika simu mkono huu, kijiko mkono huu. Dalili ya kwanza, hakuna. Ya pili, hakuna. Mlango nikaufunga mara ishirini. Zote sita, dada! Dalali ananitazama tu, jasho linamtoka. Nikamwambia, mimi nimesoma kwa Kezia wa Kasulu, hunidanganyi."

"Kwa hiyo hukuhitaji mkaguzi," Kezia akasema. Alikuwa anatabasamu.

"Nikuite wa nini kwa hiyo moja iliyobaki, na sita zote umeshaniambia?"

Tabasamu la Kezia likabaki palepale usoni, ila halikuwa na mtu ndani yake.

Wakamzungusha. Sebule ilikuwa nzuri, na chumba cha kwanza kizuri. Wakafika chumba cha nyuma, cha Bi Adija: kitanda cha mninga, neti, msala wa kuswalia umekunjwa juu ya kiti. Juu ya kitanda, karibu na dari, fundi umeme alikuwa ametoboa tundu la kupitisha waya na hakuliziba. Kezia hakuamua kitu. Mkono ulikwenda wenyewe, ukatoa ufunguo mfukoni, ukachokoa tundu. Kipande cha tofali chenye ukubwa wa kidole gumba kikaanguka kiganjani. Kilikuwa cha rangi ya ugali wa muhogo, si chekundu.

"Asmahani, naomba glasi ya maji."

Akakitia ndani ya maji, akaibeba glasi hadi mezani, akaiweka katikati ya bakuli la kisamvu na sahani ya ugali. Bi Adija akaitazama.

"Unapika chai ya udongo, mwanangu?"

Asmahani akacheka hadi akashika ubavu. Kezia naye alicheka, Mungu amsamehe. Wakala. Asmahani akasimulia alivyouza banda lake la sokoni ili mama ahame kutoka chumba cha kupanga, kwamba sasa anauza vitenge kwa kutembeza, lakini mama ana paa lake. Kezia alikuwa anaitika huku jicho liko kwenye glasi. Kwanza yakapanda mapovu madogo. Kisha kipande kikajivua ganda. Kisha pembe zake zikalainika. Kabla hawajanawa, kilikuwa kimelala kwenye kitako cha glasi, tope tupu, na maji juu yake mazito kama uji.

Nje, upande wa milima ya Burundi, kukanguruma.

"Nani analala chumba kile?" Kezia akauliza, japo alijua.

"Mama. Kwa nini?"

"Mtoe. Mtoe sasa hivi kila kitu chake, na yeye asirudi humo ndani."

Asmahani akaitazama glasi, akamtazama Kezia, akaitazama tena glasi. Hakuwa mjinga. Mtu aliyepiga kuta za nyumba nzima kwa kijiko hakuhitaji kuelezwa mara mbili.

"Hii ndiyo ya saba," akasema polepole.

"Ndiyo."

"Uliijua siku zote."

"Niliijua."

"Kipande na glasi ya maji. Ni hicho tu? Kitu ambacho hata mtoto angefanya?"

"Ni hicho tu."

"Sasa kwa nini hukuniambia, dada?"

Na Kezia, ambaye kwa miaka zaidi ya ishirini alikuwa na majibu ya kila fundi mwizi na kila dalali mwongo, akafungua mdomo, na kilichotoka kilikuwa hiki:

"Hukuniuliza."

Aliisikia ikitoka. Aliisikia ikianguka mezani kati ya sahani. Haikuwa sauti ya Reverien, ilikuwa yake mwenyewe, ileile anayosalimia nayo watu asubuhi, na hilo ndilo lililomtisha. Miaka yote aliamini kuna watu wa namna ile na yeye hayumo. Akatafuta pa kushika, akashika meza.

"Mawe!" Bi Adija akasema, akimaanisha mama yangu wee kwa Kiha, maana aliona rangi ya mgeni imebadilika. "Mpeni maji huyu." Kisha akaona maji yaliyokuwa karibu ni yale ya kwenye glasi, akaisukuma mbali.

Tone la kwanza likapiga bati.

Godoro lilitoka, neti ikatoka, msala ukatoka. Kitanda kizito kikagoma kusogea, wakakiacha. Bi Adija alikokotwa hadi kwa jirani huku akisema yeye kazaliwa kwenye nyumba ya nyasi na haikumwangukia. Asmahani na Kezia wakasimama chini ya ukingo wa bati la jirani, wakatazama ukuta wa nyuma.

Mvua ilikuwa ya kawaida, ile ya kila mwaka. Maji yalishuka kutoka kwenye bati lisilo na mfereji, yakapiga mguu wa ukuta, yakachimba. Lipu ikavimba kama tumbo la mtoto mwenye utapiamlo. Ikapasuka, na nyuma yake hapakuwa na tofali, palikuwa na tope linalotiririka. Ukuta haukuanguka kwa kishindo. Ulikaa chini, kama mtu aliyechoka kusimama. Dirisha na nondo zake likaning'inia kwenye lenta, ile boriti ya zege ya juu yake, na chini yake, kupitia uwazi ule, kilionekana kitanda cha mninga kimefunikwa kwa tope hadi upande wa kichwani.

Asmahani hakulia. Alikuwa anatazama ule upande wa kichwani wa kitanda.

"Leo Ijumaa," akasema. "Ijumaa mama hulala mchana akishakula."

Kezia akamgeukia.

"Toa simu yako," Asmahani akasema.

"Asmahani, mimi..."

"Toa simu. Andika. Hapa hapa, nikiwa nakuona."

Kezia akatoa simu, maji yanadondokea kioo. Akaanza: *Dalili ya saba ya nyumba itakayokuangukia.* Asmahani akachungulia.

"Futa. Anza na kwamba ulijua."

Akafuta. Akaandika: *Nilijua dalili ya saba nikawaficha ili mnipigie simu.* Kisha akaeleza: tafuta mahali saruji haikufika, juu darini au kwenye tundu la waya. Chukua kipande cha tofali chenye ukubwa wa kidole gumba, tia kwenye glasi ya maji, kaa ule chakula chako. Kikibaki kigumu, lala. Kikiwa tope, toka. Akaweka picha ya ukuta, na ya kitanda. Namba yake alitaka kuiondoa. Asmahani akamzuia mkono.

"Iache. Wakupate."

Haikupita nusu saa Shamsi akapiga. "Dada! Nini hiki ulichoweka? Umewapa yote, tena umejichafua mwenyewe! Nani atakuita sasa?"

"Shamsi, nyumba yako ya Kasulu, chumba cha uani ulinunua matofali wapi?"

Shamsi akashusha sauti, "Sijui. Fundi ndiye aliyeleta."

"Tafuta glasi," Kezia akasema, akakata.

Simu ikalia tena kabla hajaishusha. Namba ngeni. Mwanamume, kutoka Kabanga, anahema. "Wewe ndiye wa blogu? Nimeweka kipande kama ulivyosema. Kimekuwa tope kabla ya dakika kumi. Watoto wangu wako ndani, na huku mvua imeanza. Nifanye nini?"

"Watoe kwanza," Kezia akasema. "Usiulize kingine, watoe. Nitabaki kwenye simu."

Alisikia viatu vikikimbia, mlango, majina ya watoto yakiitwa moja baada ya jingine, matatu, manne, na katikati ya kelele hizo, mlio wa mtu mwingine anayesubiri kwenye laini. Akamtazama Asmahani. Hakuona msamaha wowote usoni pake, wala hakuutegemea.

"Huyo akimaliza," Asmahani akasema, macho yako kwenye ukuta uliokaa chini, "mpokee na huyo mwingine."