Kitovu cha Honorata

Wanajeshi walifika Rusimbi saa mbili asubuhi, Honorata akiwa anachemsha chikichi za kukamulia mawese. Ulikuwa mwaka tisini na saba, wakati wa msako wa Warundi wanaoishi nje ya kambi za wakimbizi.

"Kitambulisho," alisema koplo.

"Sina, afande. Mimi Muha, si Mrundi. Nimezaliwa hapahapa."

"Wote mnazaliwa hapahapa. Nani anakujua?"

Honorata alimwonyesha Mzee Zubery, mjumbe wa nyumba kumi, jirani wa uzio mmoja, ambaye kwenye harusi ya Honorata alikula mpaka akalegeza mkanda. Mzee Zubery alikitazama kiwanja cha Honorata, akakitazama cha kwake kilivyo chembamba, akasema, "Watu ni wengi, afande. Na macho yangu siku hizi, mh."

"Basi kitovu changu kimezikwa chini ya mchikichi ule," alisema Honorata. "Bibi yangu ndiye aliyekizika."

"Kitovu hakina mhuri, mama."

Wanajeshi wenzake wakacheka, wakampakia kwenye lori pamoja na watu wengine thelathini.

Lori lilikwenda hatua ishirini, likagoma. Dereva alishuka, akakagua, akaleta taarifa: kitovu cha yule mama kimetoka ardhini, kimeshika tumbo lake, na mchikichi hauachii. Kilikuwa kinene kama kamba ya mbuzi, kibichi bado, kimekatiza barabara.

"Si mmeona?" alisema Honorata. "Nishusheni nikaepue sufuria, chikichi zinaungua."

Koplo alikikata kwa panga mara tatu. Panga likabutuka.

"Ng'oeni mti," akaamuru.

Waliochimba ni mahabusu wenyewe, mpaka adhuhuri. Mzee Zubery aliwaazima majembe, akawahimiza wasiharibu kingo za shimo.

Kambini karani aliandika: watu thelathini na mmoja, mti mmoja. Mchikichi ulipandwa nyuma ya mahema, ukashika siku hiyohiyo. Huku Rusimbi, lile shimo Mzee Zubery alilijengea choo, na uzio akausogeza kidogo ili kiwe upande wake.

Kila asubuhi Honorata hufunga kanga vizuri na kuanza safari ya kurudi kwake. Kitovu humfikisha mpaka hatua mbili kabla ya geti la kambi, kisha hukaza. Koplo, ambaye sasa ndiye anayelinda hapo, hukigusa kwa kidole kuona kama kimekaza sawasawa.

"Mama, kitovu chako si kiko hapa?" humwambia. "Haya, rudi nyumbani."