Nani Analala Wapi

Doyle Pruitt hakuonyeshi silaha kabla hajakuuliza swali moja. Ukiingia dukani kwake ukitaka bunduki ya kuwindia kulungu, hakuulizi kitu. Ukisema ni ya kulinda nyumba, anaweka mikono yote miwili juu ya kaunta ya kioo na kuuliza: kwenu nani analala wapi? Halafu anasubiri. Wapo walioudhika wakaondoka, na yeye aliwaacha waende.

Nilikwenda kwake Jumatatu. Ijumaa iliyotangulia, saa tano asubuhi, wanaume wawili walivunja mlango wa jirani yetu, Oleta Crump, wakitafuta vidonge vyake vya maumivu. Alipochelewa kuwaonyesha kabati walimvunja kifundo cha mkono. Askari wa kaunti walifika baada ya dakika thelathini na nane. Kituo kiko maili ishirini na sita kwa barabara ya milimani, kwa hiyo siwalaumu. Mke wangu, Neva, ndiye aliyempeleka Oleta hospitali. Aliporudi alisema kwamba kufikia Jumamosi ya juma lililofuata anataka silaha ndani ya nyumba, na isipokuwapo atahamia kwa dada yake Lorene, Arkansas. Neva hasemi jambo mara mbili. Mimi nilitaka abaki.

Bunduki ya marehemu baba nilishampa mwanangu zamani, na sijawahi kuwa mwindaji. Kwa miaka thelathini na mmoja nilikagua madaraja ya jimbo la Missouri. Najua kupima, najua chuma, na najua kwamba watu wengi hununua kitu kwanza kisha ndipo hutafuta sababu.

"Injinia!" Doyle aliniita. Tulisoma darasa moja. "Leo umekuja kukagua nini? Paa langu linavuja, lakini halianguki."

"Nataka kitu cha kulinda nyumba."

Mikono ikatua kwenye kioo. "Nani analala wapi?"

"Mimi na Neva, chumba cha mwisho. Vingine vitupu."

Haikuwa kweli. Chumba cha mwisho nalala mimi. Neva analala chumba cha katikati, mwaka wa saba sasa, kwa sababu ya kukoroma kwangu. Wazee wengi wanaishi hivyo, na sikuona kwa nini muuza silaha aelezwe.

"Basi kazi nyepesi," alisema Doyle, na kuweka silaha tatu mbele yangu. "Hii bunduki ya risasi inalenga kuliko zote. Una mikono miwili na bega, haikutoroki. Bastola inakaa kwenye droo na inakuachia mkono mmoja wa kushika simu, ila mkono ukitetemeka utaua friji. Hii ya marisau, inayomwaga vipira vingi vya risasi kwa mpigo mmoja, ndiyo wanayoitaka wengi."

"Wanasema marisau hayahitaji shabaha."

"Wanaosema hawajapima. Kwa urefu wa korido yako yatatawanyika upana wa kiganja. Utalenga, mzee, utalenga kama kawaida."

"Ipi haipiti ukuta?"

"Zote zinapita."

"Zinapita kuta ngapi?"

Doyle alimtazama mteja mwingine aliyekuwa akichagua buti. "Umesikia? Ngapi, anauliza. Huyu alimpimia mkewe keki ya harusi kwa rula."

Nilimwambia nitajenga kuta za majaribio mwenyewe, yeye alete silaha.

Jumatano asubuhi tulikutana kwenye machimbo ya kokoto ya shemeji yake, ambayo hayafanyi kazi tena. Nilikuwa nimebeba kwenye pikapu fremu za mbao zilizopigiliwa bodi za jipsamu pande zote mbili, unene uleule wa nyumbani. Kati ya mlango wa chumba changu na kitanda cha Neva kuna kuta mbili. Nilizisimamisha kwa umbali uleule, nikazipanga mbele ya kingo za udongo. Nyuma ya ukuta wa pili niliweka bodi moja zaidi, na juu yake nilichora kwa mkaa mstatili wa inchi sabini na tano kwa ishirini na nne.

"Hicho nini, jeneza?" Doyle aliuliza.

"Kitanda."

"Cha nani? Si ulisema vitupu?"

"Cha wageni."

"Wageni gani? Tangu harusi ya binti yenu sijaona gari la mgeni pale kwenu."

"Piga, Doyle."

Alipiga, nami niliandika. Risasi ya bastola ilipita kuta zote mbili, ikapita kitanda na kuzama kwenye udongo. Risasi ya bunduki, ambayo ni nyembamba na nyepesi, ilianza kuyumba ndani ya ukuta wa kwanza. Ilitoka kwenye wa pili ikiwa imelala ubavu na kuchana kitanda tundu refu. Marisau makubwa yalikuwa tisa, na saba yalifika kitandani. Nilimwomba ajaribu marisau madogo ya kuwindia ndege. Hayo yaliishia ndani ya ukuta wa pili.

"Haya hapa basi," nilisema.

"Hayo yatamchuna ngozi jambazi na kumkasirisha. Ukimkasirisha afadhali ungemkaribisha kahawa." Alikuwa amechuchumaa mbele ya bodi ya mwisho, akiingiza kidole katika tundu lile refu. "Hawa wageni wako, Verlin, wape chumba kingine."

Nyumbani nilichora ramani ya nyumba kwenye karatasi ya miraba. Tuna milango miwili, wa mbele na wa jikoni. Nilitafuta kila mahali ambapo ningeweza kusimama nikitoka chumbani kwangu, nikapata kumi na moja. Kutoka kila mahali nilivuta mstari kwenda kila mlango. Mistari yote ishirini na miwili ilipita juu ya kitanda cha Neva. Kukihamisha kitanda hakukusaidia, kwa sababu chumba kina futi kumi kwa kumi na moja, na upande wa pili kuna dirisha na kabati la ukutani. Kwa hiyo swali halikuwa tena bunduki, bastola au marisau. Ningeweza kununua yoyote ilimradi yeye alale nyuma yangu.

Alhamisi, wakati wa kifungua kinywa, nilisubiri Neva amalize kumimina mchuzi mweupe wa soseji juu ya mikate yake.

"Urudi kulala chumba cha mwisho," nilisema.

Aliweka uma chini. "Umesemaje?"

"Chumba cha mwisho. Ukiwa nyuma yangu, mistari yote ni salama." Niliigeuza karatasi imwelekee.

Aliitazama muda mrefu kuliko nilivyotarajia. Aliweka kidole juu ya mstatili. "Huyu ni mimi?"

"Ni kitanda."

"Na mimi niko wapi?"

"Ndani yake."

"Hakuna njia nyingine?"

Ilikuwepo, na sina desturi ya kuficha hesabu. "Bamba la chuma la nusu inchi ukutani. Vipande viwili. Uzito wake ratili elfu moja na mia tatu."

"Sakafu itabeba?"

Nilikwisha kuingia chini ya nyumba kukagua. "Nikiongeza nguzo mbili, itabeba."

"Basi weka chuma."

Alisema upesi, kama anayeagiza sukari.

"Sikoromi tena, Neva. Mashine ya kupumulia usingizini ililetwa tarehe kumi na nne Machi, miaka sita iliyopita."

"Najua ililetwa lini. Niliipokea mimi, nikatia saini mimi, wewe ulikuwa chini ya daraja lako. Usiku huo nilikaa kitandani nimepakata mto, nasubiri uniite. Na usiku uliofuata. Nikasema, ana haya huyu, mpe muda. Nikakupa mpaka Pasaka."

"Ungesema."

"Ningesema. Na wewe ungesema. Au ungegonga ukuta, mume wangu. Ni jipsamu ule. Jana umetoboa mfano wake kwa kila kitu, ikashindwa sauti yako tu?"

"Nimekuita sasa."

"Umeniita na ramani."

Nilimwambia kwamba matokeo ni yaleyale: kwa sababu hii au ile, angekuwa chumbani. Mpaka leo naona hoja hiyo ni sahihi. Neva alicheka, si kwa sauti kubwa, akachukua sahani yake na kwenda kumalizia kula jikoni akiwa amesimama.

Ijumaa nilikwenda mjini kuagiza mabamba. Muuza chuma aliniuliza ni ya kazi gani, nikamwambia ni ya ukuta wa ndani. Alisema hajawahi kusikia mtu akiweka chuma hicho ndani ya nyumba anayoishi. Nilimwachia vipimo, na tukakubaliana ataleta Jumanne.

Jumamosi saa tatu asubuhi gari la Lorene lilisimama uani. Neva alichukua nguo, mito miwili, cherehani na kikaango cha chuma cha mama yake. Nilimbebea cherehani. Nilimwambia mabamba yanakuja Jumanne, na kwamba silaha ningeweza kuileta Jumamosi hiyohiyo kabla ya saa sita, ndani ya muda alionipa.

"Nilidhani namwogopa mwizi, Verlin," alisema.

Lorene alinipungia mkono kwa adabu, kama anavyompungia mtu wa posta.

Ramani niliikuta mezani chini ya bakuli la sukari. Neva alikuwa amefuta kitanda kwa kifutio, polepole, bila kuchana karatasi. Mistari ishirini na miwili ilibaki, inapita katikati ya chumba cheupe. Niliikagua tena, mstari kwa mstari, kwa sababu kitu kikibadilika kwenye mchoro ni lazima uanze upya. Hakuna uliogusa kitu.

Jumatatu nilimpigia simu muuza chuma nikafuta agizo, kisha nikaenda dukani. Doyle aliweka mikono kwenye kioo.

"Jibu lako ninalo," alisema, "lakini ni lazima niulize. Nani analala wapi?"

"Mimi, chumba cha mwisho. Vingine vitupu."

"Ndiyo hayo hayo ya juma lililopita. Na Neva?"

"Yuko kwa Lorene. Juma lililopita nilikudanganya."

Doyle aliondoa mikono kwenye kioo, akafuta alama za vidole kwa kitambaa, hata mahali ambapo hapakuwa na alama. Hakunitania. Baadaye akazitoa zote tatu na kuzilaza mbele yangu kama mara ya kwanza.

"Basi chukua yoyote, injinia."

Nilichukua ya marisau. Ndiyo iliyokuwa karibu na mkono wangu.