Saa ya Arobaini Ilikataa Kupanda

Jana alasiri, nikiwa nimejilaza kwenye benchi la chuo cha urubani nikisubiri zamu yangu ya kuruka, usingizi ulinichukua, nikaota niko angani tayari.

Nimevaa ile kofia inayomzuia mwanafunzi kuona nje, ili ajifunze kuendesha helikopta kwa kutazama vipimo tu. Saa zangu za mafunzo, thelathini na tisa, zimeketi nyuma yangu, zimefunga mikanda. Zimezeeka. Zinakohoa.

Ya arobaini, iliyobaki ili nifuzu, imesimama nje kwenye wingu. Imekataa kupanda.

"Hao wenzangu ulikaa nao tu," inasema. "Mimi nataka kuona kama unaweza."

Nikageuka kulalamika, kumbe tuko sebuleni kwa mama yake Lusajo, siku ya matanga. Wanawake wamekaa mikekani, wingu limejaa hadi darini. Lusajo tulianza mafunzo pamoja. Mwaka jana aliingia kwenye wingu, akagonga mlima.

Mama yake ananimiminia chai, ananiita kwa jina langu, Sikujua.

"Kunywa, Sikujua mwanangu. Unashuka."

"Sishuki, mama. Nahisi nimetulia."

"Hujaulizwa unahisi nini," kikasema kipimo cha mwinuko, kimetundikwa ukutani kando ya picha ya marehemu. "Futi mia tatu. Panda."

Chini ya mkeka ikatoka sauti ya Lusajo.

"Sikujua, niko hapa. Shuka kidogo tu, nakuona."

Mkono ukachomoza, ukanishika mkono wa shati. Ulikuwa wake. Ulikuwa wa baridi, umelowa.

"Kweli ananiona?" nikakiuliza kipimo.

"Mimi watu siwajui. Najua futi. Mia mbili."

Mama yake alinitazama, birika mkononi. Nikalia. Kisha nikavuta wenzo wa kupandisha helikopta, nikapanda. Mkono wa Lusajo uling'ang'ania, ukaning'ang'ania, ukaachia.

Mlango wa nyuma ukafunguka. Saa ya arobaini ikaingia, ikafunga mkanda. Haikunipongeza.

Kapteni Kimambo, mwalimu wetu, ndiye aliyeniamsha. Nje jua lilikuwa kali. Mvua haijanyesha tangu Aprili.

"Dada, zamu yako," akasema, halafu akanikazia macho. "Umelowa wapi?"

Nikajitazama. Mkono mmoja tu wa shati, umelowa chepechepe hadi kwenye kiwiko, na kifungo chake kimenyofolewa.

"Sijui, Kapteni," nikasema, nikaukamua.