Nyati wa Vyumba Viwili

Fundi wa kukausha wanyama aliikung'uta ngozi chumvi, akaitandaza mezani, akainyoosha kwa viganja kama mtu anayetandika kitanda cha mgeni. Kisha akavaa miwani na kuuliza swali analowauliza wateja wote.

"Kichwa na mabega, au mwili mzima?"

Mwenye duka la magodoro alikuwa ametoka nyumbani ameshaamua: mwili mzima, kwato zote, mkia juu. Mtu mfupi mwenye kitambi, ambaye watoto wake mwenyewe humshinda kulenga kwa manati, hapati nyati mara mbili maishani. Hilo alilijua vizuri kuliko wanaomcheka. Alikuwa amejiita Bwana Shabaha kabla hata ya kushika bunduki, akitumaini kwamba jina likitangulia, mwenyewe atafuata.

"Mzima," alisema.

"Vizuri. Basi na hili litaonekana." Fundi alipenyeza kidole kwenye tundu lililokuwa karibu na shina la mkia. Kidole kikatokea upande wa pili, akakichezesha kidogo. Hakufanya kwa dharau. Ndivyo alivyopima matundu yote.

"Si unaweza kuliziba?"

"Kuziba naziba. Ila mwili mzima mimi huusimamisha ulivyosimama mara ya mwisho, ndivyo nilivyofundishwa kazi. Sasa huyu, mzee, alikuwa anakujia au anakukimbia?"

Bwana Shabaha aliitazama feni ya dari. Mji mzima ulijua kwamba nyati alimjia kama lori lililokatika breki, kwamba mfuata nyayo aliyemwongoza porini alitupa fimbo akatimua mbio, na kwamba yeye alibaki peke yake, akalenga, akapiga. Alikuwa amelisimulia jambo hilo chamani, dukani, na mara moja msibani, mpaka wafiwa wakamwomba apumzike. Kwa sababu ya masimulizi hayo, Chama cha Wawindaji kilimwachisha kazi mfuata nyayo, kwa kosa la kumtelekeza mteja mbele ya mnyama.

Yaliyotokea yalikuwa mafupi zaidi. Nyati alikuwa anakwenda zake. Mfuata nyayo alinong'ona, "Mwache, mzee, anaondoka." Bwana Shabaha alifumba macho, bunduki ikalia, naye akakimbia mpaka kwenye gari na kupandisha vioo vyote. Aliyebaki na nyati hadi mnyama akakata roho ni mfuata nyayo, ambaye baadaye alikuja kugonga kioo kwa adabu.

"Kichwa na mabega," alisema Bwana Shabaha. "Sebule yenyewe ndogo."

"Na ngozi ya nyuma?"

"Itupe."

Kichwa kilipokuwa tayari kilitundikwa juu ya kochi kubwa, kwenye ukuta unaotenganisha sebule na chumba cha mama mkwe. Kilipendeza. Shingo ilikuwa imenyooka, na macho ya kioo yalimkodolea kila aliyeingia. Mke wa Bwana Shabaha alisimama mlangoni, akakiangalia kutoka kulia, kisha kutoka kushoto.

"Angalau huyu hakoromi," alisema, akarudi jikoni.

Asubuhi iliyofuata mama mkwe alikuja kwenye meza ya chai, mswaki mkononi.

"Baba, nyati wako amemalizikia kwangu."

Walikwenda kuangalia. Kweli, juu ya kitanda chake, ukutani, palikuwa pametokeza kila kilichokosekana sebuleni: mbavu, mgongo, tumbo, miguu, na mkia uliokuwa unafukuza nzi wasiokuwapo. Miguu ilikuwa inakimbia hewani, polepole, kama ya mtu anayekimbizwa ndotoni. Karibu na shina la mkia lilikuwapo tundu.

"Rangi ya ukuta haikubanduka hata kidogo," alisema mkewe, ameridhika.

"Mimi silalamikii ukubwa," alisema mama mkwe. "Nitalala upande wa dirishani. Ila nina swali. Huyu alikuwa anakuja au anakwenda?"

"Anakuja, mama."

"Anakuja wapi, na mimi namwona matako? Mnyama ananikimbia tangu jana, na sijamgusa."

Fundi aliitwa. Alipanda juu ya kiti, akapima mnyama mbele, akazunguka akapima nyuma, akajumlisha kimoyomoyo.

"Hutokea kwa nyati," alisema. "Kwa swala ni nadra. Kiboko ndiyo kabisa, huwa nawaambia watu wasijaribu. Badilisha ukuta, mzee, au umkaushe mwili mzima. Ngozi ya nyuma bado ninayo."

Bwana Shabaha alibadilisha ukuta. Kichwa kikahamia upande wa mbele wa nyumba, na kilichobaki kikatokea nje, juu ya barabara, mkabala na duka la kinyozi. Kabla ya adhuhuri wateja wa kinyozi walikuwa wamegeuza viti.

"Huyo kapigwa akiaga," alisema kinyozi, bila kuzima mashine.

"Huenda alikuwa anarudi nyuma ili apate kasi," alisema mteja mmoja mwenye huruma. Walimwacha na maoni yake.

Alasiri hiyohiyo kichwa kilirudishwa mahali pake pa kwanza. Mama mkwe aliupokea mgongo bila kinyongo. Baada ya siku chache alikuwa ameshazoea kuanika kitambaa chake cha kichwa kwenye mkia, kwa sababu pale kilikauka upesi.

Ikafika siku ya kamati ya Chama kuja kumkagua nyati, ili Bwana Shabaha akabidhiwe ngao ya mwindaji wa mwaka. Mama mkwe alioga mapema, akavaa viatu.

"Nimemwalika yule kijana wenu wa nyayo," alimwambia mkwewe. "Siwezi kulala chini ya ushahidi wa mtu, na mwenyewe hajauona."

Bwana Shabaha alisema ni vyema. Hakuwa na namna. Mtu hagombani na mama mkwe, hasa anapokuwa amevaa viatu.

Mwenyekiti na wajumbe wake walikaa sebuleni, wakanywa chai, wakasikiliza. Bwana Shabaha alisimulia vizuri. Alipofika kwenye lori lililokatika breki alijisikia anaanza kuogopa yeye mwenyewe, akalazimika kushika mkono wa kochi. Wajumbe walikitazama kichwa, nacho kiliwatazama.

"Karibuni na huku, wageni wangu," alisema mama mkwe.

Waliingia na vikombe vyao. Mfuata nyayo alikuwa amesimama karibu na kitanda, kofia mkononi. Aliwaamkia wote, wakaitikia. Mwenyekiti aliitazama miguu inayokimbia. Akalitazama tundu, akachuchumaa, akalitazama tena.

"Risasi imeingilia hapa," alisema.

Mfuata nyayo aligeuka akamtazama Bwana Shabaha. Hakumtazama kwa hasira. Alimtazama kama anavyotazama kichaka, akingoja kitakachotoka. Bwana Shabaha alijua neno linalotakiwa. Ni jepesi, mtoto angeweza kulisema: ni mimi niliyekimbia. Alifungua kinywa. Ndani yake mlikuwa na biskuti. Akaanza kuitafuna kwanza, kwa kuwa si adabu kusema na chakula mdomoni, na aliitafuna kwa uangalifu ambao hakuwahi kuipa biskuti yoyote.

"Kule anakuja," alisema Mwenyekiti, akiinuka. "Huku anakwenda. Inategemea mtu amekaa chumba gani."

"Ndivyo," alisema katibu.

"Na Chama hukutana sebuleni."

Wakarudi sebuleni.

"Watu wazima nyie," alisema mama mkwe, akiwasindikiza kwa macho.

"Waache, mama," alisema mfuata nyayo. "Hata porini huwa hivyohivyo. Mtu humwona mnyama nusu tu." Alikiweka sawa kitambaa kilichokuwa kinaanguka mkiani, akaaga.

Ngao ilikabidhiwa, picha zikapigwa. Biskuti ilikuwa imeisha zamani.

Bwana Shabaha si mtu mbaya. Alijiambia hivyo mwenyewe, na kwa kuwa hapakuwa na mwingine wa kumwambia, alikubali. Wiki iliyofuata alimpa mfuata nyayo kazi ya kubeba magodoro dukani. Huyabeba kichwani, kimya, bila kugusa mlango wala kukanyaga mguu wa mteja, na hajawahi kuliangusha hata moja. Wateja wanapouliza yuko wapi yule mwoga aliyemwacha Bwana Shabaha na nyati, Bwana Shabaha huwaonyesha kwa kidole, naye huinua mkono ulio huru na kuwasalimu.