Mchezaji Aliyechagua Kungoja

Mlango uligongwa mimi na kaka yangu tukibishana kuhusu joka la kwenye mchezo wetu wa simu. Nje alisimama mwanamke tusiyemjua, amevaa sare ya uuguzi, ameshika simu kama anayerudisha bidhaa mbovu dukani.

"Ninyi ndio wenye mchezo wa kituo cha treni?"

"Ndio sisi," kaka alijibu, akitabasamu. "Umeupenda?"

"Anayecheza ni mama yangu. Mnamtesa."

Tukampa kile kiti kimoja kisichoyumba.

Mchezo wetu ni wa kusoma. Kila ukurasa unakupa machaguo, na unachobonyeza ndicho kinachoipeleka hadithi mbele. Mwanzoni uko kituoni, na dada yako ameahidi kuja. Unaweza kupanda treni, kumtafuta mjini, au kungoja. Ukingoja mara tatu, unaambiwa: "Umechelewa. Mwisho." Kila tawi la hadithi huzaa mengine, nasi tulikuwa wawili tu. Tulijiambia hakuna atakayengoja zaidi ya hapo.

"Mama hungoja kila siku," muuguzi alisema. "Nikimwambia apande treni, ananijia juu: 'Mtu kaniahidi anakuja, niende wapi?' Ijumaa saa sita mchana anahamia kwa kaka yangu, na huko hana wa kumsomea. Angalau amwone huyo dada."

"Ijumaa asubuhi tutamletea," nikaropoka.

Mgeni alipotoka, kaka alishika kichwa. "We mtoto! Ijumaa saa sita hiyohiyo shindano la michezo linafungwa, na joka langu bado halijaruka!"

"Joka la nini kwenye kituo cha treni?"

"La majaji!"

"Kaka, tunamwambia mtu achague, halafu tunamwadhibu kwa kuchagua. Ndiyo haki hiyo?"

Akaguna, kisha akavuta kompyuta. "Haya, huyo dada alichelewa kwa nini?"

Tuliandika siku tatu, tukicheka kwa visingizio vya dada. Ijumaa saa tatu asubuhi, tawi la kungoja lilikuwa tayari, ila lilikuwa limevuruga mengine: mchezaji aliyepanda treni alimkuta dada ndani, ilhali dada huyohuyo yuko kituoni.

"Kurekebisha ni kazi ya saa tatu," kaka alisema. "Tukianza sasa, tunawahi majaji."

"Na yule bibi anayengoja?"

Akafunga kompyuta, akaibeba kwapani. "Twende, kabla sijapata akili."

Foleni ya barabarani ilikula zaidi ya saa mbili; tulimkuta bibi ameketi katikati ya masanduku. Muuguzi alimsomea, naye akabonyeza: ngoja. Ngoja. Ngoja. Mara ya nne akasita, akatutazama, akabonyeza tena.

Hadithini, dada akashuka kwenye treni, viatu mkononi, akahema: "Bado upo?"

Bibi alipiga makofi hadi miwani ikamteleza. Saa ya ukutani ilionyesha saa sita kasoro dakika tano. Kaka aliiona, akaipa mgongo.

"Sasa chagua, mama," muuguzi alisema. "Mkumbatie, au mgombeze kwanza?"

"Mgombeze kwanza!" bibi akasema, akisogeza kiti karibu. "Na usiruke hata neno."